Maziwa ya Mama Mashavu

Ijumaa, 2 Februari 2024

Rukia amepiga simu kutoka Ulaya. Ombi lake la kunichukua nikaishi naye limefika pazuri! Limebaki jambo moja: tupimwe DNA, yeye huko na mimi hapa Kismayu, ijulikane kama kweli mimi ni kaka yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mamangu alifariki nikiwa mchanga kule kisiwani Koyama, na mama yake, Mashavu, Mungu amrehemu, akatunyonyesha pamoja. Maziwa yalipitia kinywani, na kipimo huchukuliwa kinywani. Watakosaje kuyaona?

Kwa furaha nimepika wali wa watu wawili. Nimekula peke yangu.

Jumamosi, 3 Februari

Nimekosea kumwambia jirani yangu Mukhtari, fundi wa mashua na binamu wa damu wa Rukia. Hasidi! Amecheka mpaka randa ikamponyoka. Eti DNA hutazama damu ya ukoo, maziwa haiyajui. Eti mbuzi wake angefaulu kuliko mimi. Kisha akaingia ndani kula na wanawe. Nikawasikiliza ukutani. Niliona wivu, naandika wazi.

Lakini mjinga kanipa akili. Damu ya ukoo anayo yeye! Na mswaki wake huuchomeka ukutani, uani.

Jumatatu, 5 Februari

Nimeuiba baada ya swala ya alfajiri. Nimesugua meno, fizi, ulimi. Tumbaku na papa mkavu! Nimevumilia kwa ajili ya udugu. Ndani ya bajaji nimefumba mdomo, dereva akanidhania bubu.

Kliniki, muuguzi Bi Swabra akanipa kikombe cha maji, nisukutue kwanza. Nikatikisa kichwa. Akasema asiyesukutua hapimwi. Basi. Ukoo mzima wa Mukhtari nimeutema. Ndipo akanipitishia kijiti cha pamba shavuni.

Jumatano, 28 Februari

Majibu yametoka. Mimi na Rukia hatuna nasaba. Ombi limekataliwa. Rukia amelia, nami nimelia simu ilipokatika.

Mukhtari amekuja kunipa pole. Hakucheka. Akasema maadamu karatasi yao inasema Rukia si dada yangu, na yeye ni mjane, nimuoe, niende kama mume. Astaghfirullah! Tumenyonya ziwa moja! Nimemfukuza. Akitoka akauona mswaki wake dirishani kwangu, akauchukua, akanitazama sana.

Alipoondoka nyumba ikawa kimya. Ningemwacha anywe chai kwanza.

Ijumaa, 1 Machi

Rukia amepiga, kama kila Ijumaa. Ameniita kaka. Hapa mjini hakuna anayeniita hivyo. Amesema atakata rufaa, huenda tukapimwa tena.

Kosa nimeshaling'amua. Binamu ni mbali mno! Nimemwomba Rukia anitumie mswaki wake. Akauliza kama Kismayu miswaki imekwisha. Nikasema imekwisha kabisa. Akasema ataninunulia mpya. Nikamkataza: nataka huo huo anaoutumia.

Kisha akasema haya, kaka.