Ng'ombe Watatu wa Mzee Lyamba

Eustace alishuka treni ya Tabora pale Mpanda akiwa amebeba kompyuta kifuani kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa, na kabla vumbi la mji halijamzoea alikuwa ameshaiona riziki yake. Nje ya stesheni kundi la wafugaji lilikuwa linabishana juu ya bei ya ng'ombe. Mmoja aliuza mnada uliopita, akajuta. Mwingine hakuuza, akajuta zaidi. Kwa mtu wa fani ya Eustace, watu wenye mali wanaojuta kwa pamoja ni shamba lililokwisha kulimwa. Linangoja mbegu tu.

Mwaka ulikuwa tisini na nane. Redio zilikuwa zinatangaza kwamba mwaka elfu mbili ukiingia, asiyejua kompyuta atakuwa sawa na asiyejua kusoma. Mpanda nzima ilikuwa imezisikia habari hizo. Walioiona kompyuta walikuwa wachache, na walioigusa walikuwa wamehama.

Eustace alikuwa ameigusa. Alisomea Dar es Salaam, akasoma vizuri, mpaka chuo kilipogundua kwamba risiti zake zote za ada alikuwa amezichapa mwenyewe, tena kwa kompyuta ya chuo hicho hicho. Wakamfukuza, ingawa mwalimu wake alikiri kwa majonzi kwamba zilikuwa zimepangika kuliko risiti halali. Mwalimu huyo alimuaga kwa neno moja la hekima. "Kijana," alisema, "kompyuta ni kama jiko la bweni. Ukiipa maharage yenye wadudu, usitegemee itakupakulia pilau." Eustace alilicheka neno hilo hadi kituo cha basi.

Namna alivyoipata ile kompyuta ni jambo ambalo msimulizi mwenye adabu hulipita kwa kutazama upande wa pili wa barabara. Itoshe kusema ilikuwa mali yake yote. Hakuwa na kiwanja, hakuwa na mke, baiskeli pia hakuwa nayo. Mashine ile ndiyo iliyomlisha, na siku ikimtoka mikononi ingembidi afanye kazi, jambo ambalo ukoo wao ulikuwa umeliepuka kwa vizazi kadhaa.

Alipanga chumba cha mbele kwenye gesti moja nyuma ya soko, yenye jenereta, akatundika kibao: CHUO CHA UINJINIA WA PROGRAMU NA UCHAMBUZI WA DATA. Akawaeleza wazazi wa vijana wa mjini kwamba huko mbele dunia itakuwa na kazi za ajabu. Mtu atakaa kwenye kiti chenye magurudumu, ataiandikia mashine amri, mashine itatii, na yeye atalipwa huku chai yake ikipoa. Wazazi wakauliza hao wanaoamriwa hawagomi? Akasema hapana, mara moja moja huganda tu. Wakaona ni kazi nzuri.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa Minza, binti wa Mzee Lyamba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Litapunga miaka mingi nyuma. Minza alikuwa mwepesi wa kuelewa, jambo lililomsumbua kidogo mwalimu wake, kwa sababu alikuwa anauliza maswali. Wengine walilipa ada ya mbuzi au debe la mchele, wakaridhika kupapasa kibodi.

Ila mbuzi ni vitafunwa. Eustace alitaka mlo kamili. Akaketi akaandika programu, na hapa tumpe haki yake, aliiandika kwa mkono wake na ilifanya kazi. Ilimuuliza mfugaji jina lake, kijiji chake, na idadi ya ng'ombe wake. Halafu iliguna, ikawasha vitaa, ikatangaza mwezi wa kuuza. Mwezi wenyewe ilijichagulia kwa bahati nasibu, ila mfugaji hakuwa na sababu ya kulijua hilo. Kilichomhusu Eustace ni ile idadi. Kila jioni mashine ingempangia majina, mwenye ng'ombe wengi juu, asiye na kitu chini, na hapo angejua ni nani wa kukamuliwa. Mapadri husubiri maungamo. Yeye alikuwa amewaundia wafugaji kiti cha maungamo cha umeme.

Siku ya kwanza wafugaji walijaa mpaka uani. Aliingia Mzee Lyamba, mrefu, mkimya, kofia mkononi. Minza alikuwa kwenye kibodi.

"Mzee una ng'ombe wangapi?" Eustace akauliza kwa sauti ya daktari.

Mzee Lyamba alitazama dari kwa muda mrefu, kama vile idadi ingedondoka kutoka hapo. "Watatu," akasema. "Wamekonda."

Minza akainamisha uso, mabega yakamtikisika, akaandika tatu. Baada yake akaja Ngolo, akasema anaye mmoja, naye anaharisha. Akafuata Kija, akasema aliwahi kuwa nao. Ikawa hivyo siku nzima. Kwa mujibu wa kompyuta, wafugaji wote wa Mpanda wakichangisha ng'ombe wao wasingetosha sherehe moja ya kipaimara.

Walipotoka, Minza akamwambia, "Mwalimu, baba akisema watatu..."

"Minza," Eustace akamkatiza, "mchambuzi wa data habishani na data. Mashine haidanganywi."

"Mashine haidanganywi, sawa. Ila watu wetu..."

Akamnyamazisha kwa kidole, kama mwalimu wa zamu anayemnyamazisha mtoto aliyeona moshi jikoni.

Yalifuata ya Gaudensi. Alikuja wa mwisho, amevaa katambuga za tairi, ananuka ng'ombe kuanzia mlangoni, na mkononi ana fimbo ya kuchungia iliyong'arishwa kwa miaka. Alipoulizwa, hakutazama dari hata kidogo.

"Mia nne na ushee," akasema. "Wako Majimoto. Ningeleta idadi kamili, ila wanazaa ovyo."

Usiku ule Eustace hakulala kwa furaha. Jina la Gaudensi lilikaa juu ya orodha peke yake, kama mlima Kilimanjaro juu ya vichuguu. Laiti angemuuliza mtu yeyote sokoni, angeambiwa kwamba Gaudensi hubeba ngozi machinjioni, na kwamba ng'ombe wote aliowahi kuwagusa walikuwa wa watu wengine, tena marehemu. Ila angeulizia nini? Data ilikuwa imeshasema.

Kuanzia hapo Gaudensi alitunzwa kama mgeni rasmi. Alikula kuku wa gesti, akanywa soda mbili mbili. Mbuzi wa ada waliuzwa mmoja mmoja kumnenepesha. Eustace akamweleza polepole kwamba chuo kinatafuta mkurugenzi, na kwamba mtu mwenye upeo angeweza kukinunua chote, mashine na jina lake, kwa madume ishirini tu. Moyoni alikuwa ameshawapandisha madume hao kwenye behewa, ameshawauza Tabora, na ameshavaa suti.

Gaudensi akatafuna paja la kuku akiwaza. "Madume ishirini siyo shida," akasema. "Shida ni kaka zangu. Hawatoi mnyama kwa kitu cha kusimuliwa. Lazima wakione."

"Basi tukipeleke wakakione. Nitakodi lori."

"Ukodi, Injinia? Mimi naona aibu."

"Usione aibu, ndugu yangu. Ni uwekezaji."

Mbuzi wa mwisho akageuka lori. Siku ya safari, mchana wa jua kali, walilifunga boksi la kompyuta kwa kamba wakaliweka nyuma juu ya majani. Eustace akataka kupanda akae nalo. Gaudensi akamshika mkono kwa heshima, macho yake yamejaa masikitiko.

"Injinia mzima aingie Majimoto amekaa na maboksi? Kaka zangu watasema ni kuli. Panda mbele na dereva. Nyuma nipo mimi, na fimbo yangu hii. Mchungaji hatupi fimbo."

Ukitaka kumwibia mwizi, mpe cheo. Eustace akapanda mbele, akanyoosha kola, akaanza kumfundisha dereva jinsi kompyuta zitakavyoendesha malori.

Lori lilisimama karibu na soko kujaza mafuta. Lilipoondoka, dereva akasema gari limekuwa jepesi. Eustace akacheka, akasema huo ndio mwendo wa kisasa. Baada ya kona mbili kicheko kikamwishia. Wakasimama. Nyuma kulikuwa na majani, na juu ya majani, imelazwa kwa adabu kama maua juu ya kaburi, fimbo ya kuchungia.

Upande wa stesheni treni ikapiga honi.

Eustace aliishika ile fimbo akakimbia. Alikimbia kama hajawahi kusoma. Paa la stesheni alikuwa analiona, watu wanaopunga mikono alikuwa anawaona, na kwenye dirisha la behewa aliona, au alidhani ameona, boksi lililofungwa kwa kamba. Ilibaki kuvuka barabara moja tu.

Barabara ilikuwa imejaa ng'ombe.

Hawakuwa wanapita tu, walikuwa ndio barabara. Pembe zilijaa kutoka ukuta hadi ukuta, vumbi limesimama, ndama wanalia, na kila alipoona mwisho, mwisho ule ulikuwa mwanzo wa kundi lingine. Alijaribu kupenya akasukumwa na nundu. Akajaribu kuzunguka, wakamzunguka. Treni ikapiga honi ya pili, ikajikaza, ikaanza kuondoka kuelekea Tabora bila haraka.

Hatimaye mkia wa msafara ukafika. Nyuma kabisa, kofia kichwani, alitembea Mzee Lyamba, na pembeni yake Minza.

"Mzee," Eustace akasema akihema, "hawa ng'ombe wote ni wa nani?"

Mzee Lyamba akawatazama kama anayewaona kwa mara ya kwanza. "Ni wale watatu," akasema.

Minza hakucheka. Alimsogelea mwalimu wake, akamwambia kwa upole, "Nilitaka kukwambia, Mwalimu. Kwetu mwenye ng'ombe hataji idadi, ni mkosi. Anayetaja ni yule asiye na ng'ombe wa kudhurika."

Eustace akakaa chini kwenye kinyesi kibichi bila kujali. Kutoka mbali sana, kutoka jikoni mwa bweni fulani la rohoni, ilimfikia harufu ya maharage yenye wadudu. Hakuwa tena na mashine, hana mbuzi, na dereva wa lori alikuwa anakuja kwa miguu, na uso wake mbaya, kudai nauli iliyobaki. Akaitazama fimbo mkononi. Ilikuwa fimbo nzuri kweli.

"Mzee Lyamba," akasema, "naomba kazi ya kuchunga. Fimbo ninayo."

Mzee akaikagua fimbo, akaona haina kasoro. Akamkagua mwenye fimbo.

"Unajua kuhesabu?" akauliza.

"Sana, Mzee," Eustace akajibu, kwa fahari ya mwisho iliyobaki kwake duniani. "Hakuna anayenifikia hapa Mpanda."

Mzee Lyamba akatikisa kichwa kwa huruma, akaanza kuwafuata ng'ombe wake.

"Basi hutufai," akasema.