Matapeli wa Barafu Kojani

Leo nimeaibika mbele ya watu wazima, na kanzu nilikuwa nimeipiga pasi mara mbili.

Ushirika wa wavuvi Kojani unataka mfumo wa kugawa barafu kwa simu. Mimi, mtaalamu niliyesomeshwa na video za mtandaoni (chuo kikuu cha bando), nikapewa niandike hati ya mahitaji ya mradi: mfumo ufanye nini, ukatae nini. Mwenyekiti akitia saini leo, nimepata kazi yangu ya kwanza. Asipotia, inakwenda kwa vijana wa Unguja.

Nikaandika hati ya kutundikwa ukutani! Yaliyomo, majedwali, mishale ya rangi. Nukta nimezikagua moja moja. (Ndiyo, mimi ni mtu wa namna hiyo. Niombeeni.)

Mkutano ukaanza vizuri. Kahawa inazunguka, wazee wanaitikia kwa vichwa. Nikafika kwenye kifungu nikipendacho kuliko vyote: kuzuia utapeli.

"Majina matatu ya mtu yakijirudia kwenye orodha ya siku," nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "mfumo unamfungia mtu huyo. Anataka barafu mara mbili. Ni tapeli."

Mwenyekiti akavua miwani.

"Mwanangu, mimi naitwa nani?"

"Mzee Hamad Ali Hamad."

Akamgeukia aliyekaa ubavuni mwake. "Na wewe, yakhe?"

"Hamad Ali Hamad."

Mlangoni mkono ukanyanyuka bila kuitwa. "Na mie Hamad Ali Hamad. Kwani nimeiba lini?"

Watu wakaangua kicheko. (Nimezaliwa Pemba hii hii. Darasani tulikuwa kina Ali tele. Lakini video haikusema!)

Nikajitia kujitetea. "Wazee wangu, hilo hutokea mara chache sana..."

"Chache?" Mwenyekiti sasa anafaidi tu. "Nawe Ali, babako nani?"

Nikaitazama mishale yangu ya rangi. Haikunisaidia.

"Hamad Ali Hamad."

Hati imerudi bila saini. Nimepewa mpaka Jumamosi niirekebishe, "na safari hii uulize watu kwanza, ndipo uandike."

Sijapanda hata boti ya kurudi, simu ikalia. Baba.

"Ali, nasikia umenifungia barafu. Samaki wangu nikawatie wapi, kwenye hati yako?"

Sasa, atakayecheka aandike hapa chini majina yake matatu. Tuone kama yuko peke yake.