Kitabu cha Ukoo na Mkono Wangu wa Kulia

Jumatatu, 4 Agosti

Kazi imegawanywa. Mzee Stanislausi, mkubwa wa ukoo wetu, katoa madaftari ya majina na kuyagawa katikati. Nusu kwangu, nusu kwa Wenceslaus, mtoto wa baba mkubwa. Yote yachapwe kwenye kompyuta. Jumamosi wakwe wanakuja kwa maneno ya mahari ya Naomi, binti wa marehemu kaka yangu Revocatus. Waoneshwe kitabu, wajue wanaoa wapi. Atakayemaliza kwanza ndiye msemaji wa familia.

Msemaji! Kiti cha mbele. Neno la kwanza na la mwisho. Wenceslaus hafai. Alikuwaga karani Bunda miaka thelathini, na mpaka leo anataka kukohoa anaomba ruhusa.

Tunachapia steshenari ya Jenipher, dada yake Naomi, hapa Bweri. Kompyuta mbili, tumekaa bega kwa bega. Sijagusa kitu, Jenipher kaanza somo. Eti baba mdogo, pandisha kiti, viwiko viwe usawa wa meza, kifundo cha mkono kisikunjwe, vitufe viguswe taratibu, kila nusu saa pumzisha mikono. Nimemwacha amalize, kwa heshima ya marehemu. Kisha nikamweleza kwamba mikono hii mwaka 1994 ilimshika kiboko mkia mpaka akaomba msamaha. Leo iogope plastiki?

Majina mia mbili na kumi! Kwa vidole viwili. Nagonga kama napigilia misumari. Wenceslaus kafikisha themanini na kapumzika mara sita. Akipumzika ananyoosha vidole hewani kama padri anabariki mbuzi. Mwanaume mzima.

Jumanne, 5 Agosti

Kifundo cha kulia kinawaka. Gumba nalo lina ganzi. Nguvu zinaingia.

Jenipher kaniona nakung'uta mkono chini ya meza. Kauliza kama unauma. Nikamwambia nafukuza nzi. Hakuamini. Kasema niache leo, nipumzike na kesho, maana mchapaji mmoja wa Kitaji alipuuza hivyo hivyo, mkono ukakaa miezi minne bila kushika hata kijiko. Nikauliza huyo mchapaji aliwahi kulima na ng'ombe? Hajawahi. Basi, kesi imekwisha.

Majina mia nne. Wenceslaus mia na sabini. Kobe.

Jumatano, 6 Agosti

Leo naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelewa kidogo. Sababu ni za kiufundi.

Asubuhi nilipata akili ambayo Jenipher na cheti chake cha kompyuta hajawahi kuipata. Nilichukua kipande cha tyubu kwa fundi baiskeli, nikakifunga kwenye kifundo, nikakaza kama nafunga nira. Maumivu yakaisha! Mkono nao ukaisha. Nimechapa ukurasa mzima bila kuhisi kidole hata kimoja.

Jenipher kausoma. Kasema kwa utulivu kwamba ukoo wetu sasa una mzee anaitwa Kkkkkkkk, na watoto wake tisa wote wamerithi jina. Kisha kaikata tyubu kwa mkasi, bila ruhusa. Maumivu yakarudi, na ndugu zake.

Mchana kaleta ugali na sato. Tonge halikukubali kuviringika. Likaanguka mara mbili. Nikatangaza nimefunga, nawaombea wakwe. Wenceslaus kala kichwa cha sato wake na cha wangu. Anatafuna huku ananiangalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Wenceslaus alipotoka kunyoosha vidole, nilishusha kiti chake mpaka mwisho. Viwiko vining'inie, vifundo vikunjwe, aonje. Karudi. Kakaa. Kidevu usawa wa meza. Kapandisha kiti, kisha kanishukuru eti nimemkumbusha kukagua kimo. Mtu hana hata hasira! Utamshindaje mtu wa namna hiyo kwa haki?

Kwa hiyo sikutumia haki. Jenipher alishanionesha namna ya kunakili. Nilichukua uzao wote wa bibi Esta, nikaunakili mara nne. Kurasa zikajaa zenyewe. Saa kumi na dakika tano nikasimama: nimemaliza. Mzee Stanislausi macho yake hayaoni herufi. Kapima unene wa karatasi kwa vidole, karidhika. Usemaji wangu!

Wenceslaus alibakiza majina arobaini. Kanipa hongera, kaleta mkono. Nikampungia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mkono umevimba kama mhogo uliolala kwenye maji. Shati nimefungwa vifungo na mke wangu, Recho, ambaye hakunyamaza hata kifungo kimoja.

Jenipher kaja kuniomba. Nimwachie Wenceslaus usemaji, au angalau niwaambie wakwe mapema kwamba mkono unaumwa. Kasema wazee wa Butiama wakikusalimia wanashika kwelikweli. Naomi naye kaja. Kasimama mlangoni, hakukaa.

"Baba mdogo, baba angekuwepo nisingekuomba," kasema. "Kesho usiniharibie."

Sikupenda ile sauti. Niseme nini kwa wakwe? Kwamba ukoo huu una wanaume wanaopigwa na kibodi? Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kabati.

Jumamosi, 9 Agosti

Wakwe walifika saa nne kutoka Buswahili, huko huko Butiama. Mbele yupo Mzee Ryoba, baba wa bwana harusi. Kiganja chake ni jembe. Huyo hasalimii, anang'oa. Nilimwona akimsalimia Mzee Stanislausi, visigino vya mzee wetu vikaacha ardhi.

Zamu yangu. Mkono wake ukaja. Nikafikiri haraka, kama kawaida yangu. Nikampa wa kushoto.

Mzee Ryoba kauangalia mkono wangu kama panya kwenye sinia. Kaurudisha wake. Kawageukia watu wake, kasema twendeni, hapa tumetukanwa mlangoni. Wanawake wao wakaanza kuokota mikoba. Nyuma ya pazia nikamsikia Naomi analia, kwa sauti ya chini, ya mtu aliyejua tangu jana.

Jenipher katoka, kapiga magoti mbele ya Mzee Ryoba, kaeleza yote. Siku nne bila kupumzika. Tyubu. Kiti. Mpaka nzi! Nilikohoa mara nne kumzuia.

Mzee Ryoba karudi. Kauinua mkono wangu wa kulia kwa vidole viwili, kaugeuza kama anakagua kwato ya mbuzi. Nikaanza kumweleza habari za mwaka 1994 na wale viboko wawili.

"Acha viboko," kasema. "Mkwe, umepigwa na kitufe."

Walicheka mpaka mikoba ikarudi chini. Wakakaa. Wenceslaus kasema badala yangu. Hotuba kavu, haina kiboko hata mmoja. Mahari imekubaliwa, ndoa Oktoba. Mzee Ryoba kafunua kitabu, kamkuta bibi Esta na wajukuu wale wale mara nne, kasema ukoo wenu una rutuba.

Mimi nikawekwa karibu na jiko. Naomi kaja kunilisha ugali, tonge kwa tonge. La mwisho lilikuwa kubwa mno. Alikusudia.

Jumatatu, 11 Agosti

Zahanati. Daktari mwenyewe ana umri wa viatu vyangu. Kanifunga bandeji na kibao. Wiki sita bila kuchapa, kasema, na nikirudi nipumzike kila nusu saa. Au Jenipher kamlipa aseme hivyo?

Nimetafakari kosa liko wapi. Nimeliona. Jumanne nilipunguza kasi. Ningegonga kwa nguvu zaidi, kazi ingeisha kabla maumivu hayajafika.

Mchana mwenyekiti wa kwaya kapita steshenari. Anatafuta wa kuchapa kitabu cha nyimbo mia tatu. Wenceslaus kasema kwa mapumziko yanayofaa, mwezi mmoja. Mwezi! Nikasema Jumapili. Wa kushoto, ukiondoa daftari hili, haujafanya kazi tangu nizaliwe. Una akiba ya miaka hamsini na miwili.

Nimeanza saa nane. Jenipher kanisogezea kiti, kakipima na viwiko vyangu, kakipandisha vizuri. Nimekirudisha ukutani. Nachapa nimesimama.