Kijiko Kilichogoma Mbele ya Benchi

Redio ya muuza kahawa ilisema asubuhi kwamba mvua zitawahi mwaka huu, na zitakuwa kubwa. Kabla kijiwe hakijaitafuna habari hiyo vizuri, kijiko kikazima.

Kijiko chenyewe, lile katapila la kuchimbia, kilikuwa cha Mama Kijiko. Alikinunua mtumba, rangi yake imeshasahau kama iliwahi kuwa ya njano, na alikiendesha mwenyewe. Alikuwa anachimba mtaro kutoka mtoni kupanda hadi kwenye nyumba za bondeni, ambako mvua ikinyesha watu hulala juu ya meza. Kilichobaki kilikuwa kipande kifupi tu. Katikati ya kipande hicho, kwa bahati ya aina fulani, ndipo lilipokaa benchi la kijiwe.

Mama Kijiko akawasha tena. Mashine ikanguruma, ikachota ndoo chache za udongo, ikakohoa, ikazima. Kwenye kioo cha ndani ikatokea namba, na chini yake maneno: presha ya mafuta ndogo.

Akashuka. Waliokuwa benchini wakamsogezea nafasi, kwa sababu mtu mwenye tatizo ni mgeni wa heshima.

Profesa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifundisha, aliitafuta ile namba kwenye simu. Akasema ina maana nyingi, lakini zote zinaishia kwenye kununua pampu mpya, na pampu hiyo huja kwa meli. Waziri, aliyepewa jina hilo kwa kulisubiri, akasema namba ya hitilafu ni sawa na lalamiko la mwananchi: ukilifuatilia linazaa mengine. Yeye alishauri kioo kibandikwe karatasi, kisha iundwe kamati.

Mama Kijiko akamgeukia Mzee Nozeli. Huyu alikuwa fundi kweli, wa injini za dizeli, mpaka magoti yalipomstaafisha. Mzee alikitazama kikombe chake, akasema nozeli zote, zile za kupulizia mafuta ndani ya injini, zing'olewe zikapimwe mjini.

"Ni jambo la wiki kadhaa tu, mwanangu," akasema. "Haraka haraka haina baraka."

Mama Kijiko hakubisha. Alienda kwenye mashine, akafungua chujio la mafuta. Lilikuwa safi, alilibadilisha mwenyewe majuzi. Akafungulia kikombe cha kutenga maji, ikatoka dizeli tupu, bila tone la maji. Akarudi anajifuta mikono.

"Ikifanya kazi inakufa. Ikipumzika inafufuka kama haijaumwa," akasema. "Pampu iliyokufa inafufuka hivyo, mzee wangu?"

Mzee Nozeli akasema zipo pampu za namna nyingi. Profesa akaongeza kwamba zipo zenye wasiwasi.

Hapo Mama Kijiko akaitazama ile ndoo ya kijiko ilivyokuwa imeinama, meno yake yameelekea benchini moja kwa moja, akawatazama wazee watatu waliokaa mbele yake wakiwa na huruma isiyo ya kawaida. Akajiona kama mtu aliyegundua kwamba anaowaomba dawa ndio wenye duka la sanda.

"Hivi mtaro ukipita ng'ambo ya barabara," akauliza, "hii mashine bado itahitaji pampu?"

Waziri akanywa kahawa kutoka kwenye kikombe kitupu.

"Hapo itategemea," akasema Profesa.

Mama Kijiko alitaka kusema neno ambalo lingemharibia heshima mtaa mzima, lakini hakuwahi. Binti wa Mzee Nozeli alikuwa anakuja kutoka bondeni, mtoto mchanga mgongoni, godoro kichwani. Akawaamkia baba yake na wenzake, halafu akasimama pale na mzigo wake.

"Baba, hili godoro nilipeleke kwa wifi," akauliza, "au kijiko kitafika kwetu leo?"

Mzee alitazama mawingu, akatazama kale kakichwa kalikolala juu ya mgongo wa mwanawe. Akaweka kikombe chini.

"Leteni dumu safi la dizeli," akasema.

Alieleza huku akiinuka kwa shida. Namba inakuonyesha panapouma, haikutajii mchawi. Presha inashuka kwa sababu mafuta hayafiki, basi swali ni yanazuiwa wapi. Wakachomoa bomba linalotoka kwenye tangi wakalitumbukiza ndani ya dumu, na lile la kurudisha mafuta nalo humo humo. Mama Kijiko akasukuma pampu ya mkono mpaka hewa yote ikatoka, akapanda, akawasha. Kijiko kikachimba bila kukohoa, na ile namba haikurudi.

Basi ubaya ulikuwa ndani ya tangi. Kulikuwa na kitu humo, kikivutwa na mafuta kinaziba mdomo wa bomba, injini ikizima kinajiachia. Lakini kulifungua tangi ni kazi, na ngurumo zilishaanza. Wakalifunga dumu kwa kamba nyuma ya kibanda cha dereva, na Waziri akapandishwa kulishikilia lisipinduke wala kuingiwa na mvua. Ndiyo wizara ya kwanza aliyowahi kukabidhiwa. Hakuna aliyempigia makofi.

Ndoo ilipofika mbele ya benchi, Mama Kijiko akaisimamisha hewani, akasubiri. Profesa akaanza kueleza umuhimu wa kufanya upembuzi wa njia mbadala. Mzee Nozeli alikuwa ameshashika upande mmoja wa benchi.

"Profesa," akasema, "nyanyua."

Akanyanyua. Mvua iliwakuta ndoo inachota tuta la mwisho, na maji ya bondeni yakaufuata mtaro hadi mtoni kama yaliyokuwa yanaijua njia.

Kesho yake walifungua tangi, wakaopoa humo glavu kuukuu ya mwenye mashine wa zamani, ya mkono mmoja. Kijiwe kilijadili mpaka adhuhuri ni ya kulia au ya kushoto, kwa kuwa ilikuwa imevimba pande zote.

Kuhusu benchi, halikupata pengine pa kukaa. Lilikuwa refu, la mbao nene, likalazwa juu ya mtaro, na bila azimio la mtu yeyote likawa daraja. Wazee wanakaa juu yake kama zamani, miguu inaning'inia, ila kila mwenye kutaka kuvuka lazima wampishe.

Binti alikuwa wa kwanza kupita, na godoro lake kichwani, analirudisha nyumbani.

"Shikamoo, baba. Simama kidogo."

"Marahaba," akasema Mzee Nozeli, akasimama.