Chafya Iliyozuiliwa kwa Ajili ya Walimwengu wa Mbali

Tegeni masikio, enyi mlioketi nanyi mpitao njia, hata chai na ipoe, niwasimulie siku ambayo dunia mbili zilining'inia kwenye pua moja.

Pua hiyo ilikuwa ya fundi aitwaye Mkono Mwepesi, bingwa wa skrubu ndogo, mtesi wa nati zilizolegea. Alisimama katika chumba kisichojua vumbi, amefunikwa vazi jeupe toka unyayo hadi utosi, barakoa nyepesi usoni, akikaza skrubu ya mwisho ya chombo cha angani kiendacho mwezi wa sayari ya mbali, ambako yasemekana kuna maji, na majini huenda mna viumbe. Ndipo Chafya, adui asiyebisha hodi, akaanza kupanda.

"Ee Msimamizi!" akalia kupitia kipaza sauti. "Mafua niliyoyadharau asubuhi yameleta jeshi! Nikishindwa hapa, viumbe wa watu wataugua, nao hawana hata shangazi wa kuwafukiza!"

"Mwanangu," akanena Msimamizi, mzee aliyesimama nyuma ya kioo, "vijidudu vyetu vimezoea miili yetu, ya kwao huenda visijue hata mlango uko wapi. Lakini nani amekwenda akapima? Tena ukipiga chafya, chombo kitaoshwa upya, safari ingoje miaka miwili, nami mwakani nastaafu. Nataka nikione kikiruka. Jikaze!"

Akajikaza. Ulimi akaugandamiza kaakaani, machozi yakamtiririka, skrubu ikaingia, ikashika. Lakini loo! Mlango ulikuwa mbali, na sheria ya chumba kile yakataza mbio, maana mbio huamsha vumbi. Shujaa akaenda mwendo wa bibi harusi, hatua kwa hatua, kifua kimejaa radi, huku akimwomba Mungu na kuitukana pua yake kimoyomoyo.

Msimamizi, uvumilivu umemwishia, akakimbilia ukumbini akamfungulia mlango kwa mikono yake mwenyewe. Shujaa akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake. Fundi akavua barakoa apate pumzi, na Chafya akatoka na majeshi yake yote, akamkumba mzee usoni.

"Nisamehe, baba!"

Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Bora mimi," akasema.

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za mataifa: katika vita vile mwezi wa mbali ulisalimika, chombo kikaruka kwa wakati wake, na majeruhi alikuwa mmoja tu, aliyekitazama kikipaa kupitia dirisha la chumbani kwake, amejifunika blanketi, akipenga kamasi kwa fahari.