Kuhusu Winchi Inayotaka Kunikosesha Mke

Nkololo, Bariadi
Machi 1956

Kwa Bwana Shamba Mheshimiwa,

Nakuamkia kwa Kisukuma: mwangaluka. Mimi ni Luhaga, yule mwenye maksai wawili, Karani na Tarishi, waliokutoa matopeni masika iliyopita wewe na gari lako, ukashukuru sana, na kiatu chako kimoja kikabaki chini huko mpaka leo. Sisi tu wazima, hofu ni kwako. Baada ya salamu, nina malalamiko.

Nilisikia, kisha nikaona kwa macho yangu, kwamba fundi Athanasi amefunga winchi kwenye bampa la Landirova yako. Ni pipa dogo la chuma lililozungushiwa waya, na mbele yake kuna mdomo wa vigurudumu ambamo waya unapita. Gari likikwama, dereva wako Marcelo anafunga waya kwenye mti, winchi inavuta, na gari linajitoa lenyewe. Bwana, naomba kwa heshima zote kitu hicho kiondolewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Namtaka Stephania, binti wa Mzee Mihayo wa Sapiwi, na yeye ananitaka. Nampenda mpaka jioni nasahau kufunga zizi. Mahari tumeshaelewana. Kilichobaki ni sharti moja, ambalo mzee alilisema mbele ya watu: "Binti yangu haendi kwa mtu ambaye sijaona ng'ombe wake wakitoa gari matopeni. Mwenye ng'ombe legelege na yeye ni legelege." Ulipokwama masika ile, mzee alikuwa msibani Zagayu, hakuona kitu. Tangu hapo nasubiri ukwame tena, Bwana, kwa moyo safi kabisa.

2. Karani amekonda. Akisikia mlio wa Landirova anakwenda mwenyewe kusimama kwenye nira. Anasubiri, gari linapita. Si haki ng'ombe wa watu kuaibishwa na bampa.

3. Mama yangu, mayu Nyanjige, anauliza ni nani amewahi kujiinua kwa kushika masikio yake mwenyewe. Majirani wanasema ndani ya lile pipa amefungiwa marehemu mmoja mwenye nguvu. Mimi nimesoma kwa mapadri mpaka darasa la nne, kwa hiyo siamini. Ila nikilikuta gari limesimama, napita mbali.

4. Zamani ukikwama kijiji kizima kilitoka. Watu waliimba, walisukuma, walianguka, walicheka, na vijana wengine walipata wachumba pale pale kwenye tope. Wewe ulikaa kwetu kusubiri suruali ikauke, ukanywa maziwa, ukajifunza kuitikia salamu. Sasa unapita tu. Hujui hata kwamba pamba yetu ina funza.

5. Jambo hili likiachwa litakua. Leo gari limejitoa lenyewe. Kesho jembe litalima lenyewe, pamba itajichuma na kujipeleka kwenye mizani, halafu Serikali itauliza watu wa Nkololo ni wa kazi gani. Mwisho wake winchi itapeleka posa Sapiwi, na Mzee Mihayo ninavyomjua ataikubali, maana haili ugali.

Kwa hiyo naomba Athanasi aifungue. Kama bolti zimegoma, basi Marcelo asahau inavyowashwa, siku moja tu, karibu na nyumba ya Mzee Mihayo. Sikuombi udanganye, Bwana. Nakuomba usahau.

Msalimie mama wa nyumbani, na mpishi wako Felisita, na huyo Athanasi, ambaye sina ugomvi naye ila na spana yake. Mayu anakusalimu. Karani na Tarishi wangekusalimu, lakini wamenuna.

Ni mimi, ninayekutakia safari njema na barabara mbaya,

Luhaga

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua. Leo asubuhi Marcelo, akiwa peke yake, amekwama kwenye mbuga ya Sapiwi, pale pasipo na mti hata wa kufungia mbuzi. Winchi ikakosa pa kushika. Akafunga waya kwenye kichaka. Kichaka kikang'oka na mizizi yake, kikaja mpaka mdomoni mwa bampa kama kimeitwa. Ndipo akaja kuniomba Karani na Tarishi, si wavute, bali wafungwe waya kwenye nira wasimame tu.

Watu wakajaa, nyimbo zikaanza, Mzee Mihayo akaja na kigoda chake. Winchi ikanguruma. Karani akazamisha kwato, akaendelea kucheua. Gari likatoka. Hapo ubishi ukazuka: nani amevuta? Nusu walisema chuma, nusu walisema ng'ombe. Mimi nikaanza kufungua waya kwenye nira. Mzee akainuka, akasema: "Chuma ndicho kilichovuta. Lakini ng'ombe wa Luhaga wamekataa kuvutwa. Binti yangu anavuta kuliko hiyo mashine. Nilikuwa namtafutia mume asiyeng'oka."

Kwa hiyo, Bwana, winchi isiguswe, na Athanasi azikaze bolti. Barua naituma hivyo hivyo kwa mkono wa Marcelo, kwa sababu ya habari ya funza wa pamba. Arusi ni kabla mvua hazijakatika. Karibu sana, njoo na gari, na tafadhali upite mbugani.