Uhakiki wa Vifua, Ghorofa ya Nne

Ijumaa iliyopita, Bodi ya Uhakiki wa Vifua vya Wachimbaji Wastaafu wa Makaa ya Mawe ilitangaza mafanikio ya kihistoria: kwa mwaka mzima haijampata mgonjwa hata mmoja. Utaratibu niliubuni mimi, Mwenyekiti. Ofisi ipo ghorofa ya nne, lifti hakuna. Mzee akifika juu, ni dhahiri kifua chake kizima. Asipofika, hakuhudhuria. Sayansi haina longolongo.

Jumatatu wakaja wazee kumi na mmoja, wakiongozwa na mmoja wanayemwita Baruti. Bila cheti chetu cha ugonjwa wa kifua, hospitali haimpi mashine ya oksijeni. Mkewe alipanda peke yake hadi mezani kwangu.

"Mwanangu, mume wangu yuko chini. Siku hizi analala amekaa, utadhani anasubiri basi."

"Mama, mwambie apande ajieleze."

"Angeweza kupanda, angekuja huku kutafuta nini?"

Nikamwandika mama huyo: mzima.

Saa kumi jioni nikashuka niende zangu nyumbani. Mlangoni vilining'inia vibati kumi na kimoja vya namba, vile ambavyo mchimbaji hutundika anapoingia shimoni na kuchukua anapotoka. Mlinzi wetu, aliyewahi kuchimba nao, alikuwa ameziba njia.

"Samahani, bosi. Kibati kikiwa bado kinaning'inia, msimamizi haondoki."

"Hiyo ni kanuni ya mgodini!"

"Na sahihi ni yako, bosi, enzi ukiwa msimamizi wetu. Haijafutwa."

Nilitafuta mwanya wa kisheria, nikakosa. Niliiandika vizuri mno. Kwa bahati mbaya niliandika na nyingine: mhuri hautoki ghorofa ya nne, cheti husainiwa mbele ya mhusika, na mafaili hubebwa moja moja.

Nikapanda, nikashuka. Baruti akapokea cheti, akachukua kibati chake. Mkewe alikitia cheti kwenye mkoba, akalia bila kujificha. Hawakuondoka. Walikaa kwenye benchi na wenzao, wakinitazama nikichapa kazi.

Safari ya sita magoti yaligoma. Ya tisa nilishuka nimeshikilia ukuta, nahema, nakohoa, jasho chapachapa.

"Bado wawili," mlinzi akasema.

"Jamani, siwezi. Kifua..."

Baruti alinitazama kwa huruma ya kweli kabisa. Alivuta pumzi mara tatu kabla ya kupata ya kusemea.

"Pole, mwanangu. Wewe panda tu. Ukifika juu, u mzima."